Barua ya wazi kwa kamati za maafa za Kagera: jirani hufika kwanza, mwezesheni mapema

Kwa wajumbe wa kamati za usimamizi wa maafa,
Kuanzia vijiji na mitaa hadi mkoa,
Mkoa wa Kagera.

Yah: Kujipanga kabla ya siku ya janga

Ndugu wajumbe,

Wapo watu, ndani na nje ya mkoa wetu, wanaoamini kwamba Kagera ina nuksi. Wanahesabu kwa vidole: uvamizi wa Idi Amin mwaka 1978, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini mwaka 1983, wimbi la wakimbizi mwaka 1994, kuzama kwa meli ya MV Bukoba mwaka 1996, mnyauko wa migomba, tetemeko la mwaka 2016, ndege iliyoanguka ziwani mwaka 2022, kisha ugonjwa wa Marburg mwaka 2023 na tena mwaka 2025. Wakimaliza kuhesabu hutikisa kichwa na kusema mkoa huu umelaaniwa.

Nawaandikia kwa sababu nayakataa maneno hayo, na nawaomba nanyi myakatae hadharani, kwenye mikutano ya vijiji na mitaa. Nuksi haina anayewajibika nayo. Tukiwaacha watu waamini kwamba tumerogwa, hakuna atakayeuliza nani alijua, alijua lini na alifanya nini. Na sisi tuna mengi ya kuuliza, kwa kuwa kila moja ya majanga hayo lina chanzo kinachoelezeka, na mengi yalionyesha dalili zake mapema. Zaidi ya hapo, karibu katika yote, aliyefika kwanza kusaidia alikuwa jirani: mvuvi, mkulima, bibi wa kaya ya pili, mwanachama wa chama cha kuzikana. Wengine walifuata baadaye.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kama zenu kutoka ngazi ya taifa hadi kijijini. Ombi langu kwenu ni moja, na yote nitakayoyasema yanalitetea: maandalizi yaanzie kwa huyo jirani anayefika kwanza, nayo yafanyike wakati mambo bado ni shwari.

Niruhusuni nianze na Mei 21, 1996. MV Bukoba ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria wapatao 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndiyo maana hadi leo waliopotea tunawakadiria tu: watu zaidi ya 800, wengine husema hadi 1,000. Familia nyingi za mkoa huu zilipoteza ndugu ambao majina yao hayakuwahi kuandikwa popote walipopanda.

Tukisema meli ile ilizama kwa ajali ya dakika chache karibu na Mwanza, tunakuwa tumesimulia mwisho tu. Mwanzo wake ulikuwa gatini, katika safari zilizotangulia, ambamo abiria walizidi, mizigo ikazidi, kila mtu akaona, na meli ikafika salama. Kila safari iliyofika salama iliwapa watu sababu ya kutonung'unika katika safari iliyofuata. Hivyo ndivyo majanga mengi yanavyokua: hatari inaonekana, haidhuru leo, haidhuru kesho, hatimaye inageuka kuwa utaratibu wa kawaida. Mwenye kuuliza huonekana msumbufu. Na siku inapodhuru, tunasema ajali haina kinga.

Ndugu wajumbe, msemo huo umetugharimu sana. Septemba 20, 2018, miaka 22 baada ya MV Bukoba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, kikitokea Bugorora siku ya gulio. Kilitakiwa kubeba abiria 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Ziwa ni lile lile, sababu ni ile ile, na kinga ilikuwa inajulikana: kuhesabu watu wanaopanda, na kuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema kivuko hakiondoki. Sibishani na imani ya mtu yeyote anayesema Mungu alipanga. Nasema tu kwamba Mungu hakumkataza yeyote kuhesabu abiria.

Kuna jambo jingine la MV Bukoba ambalo kila kamati inapaswa kulijua. Meli ilipopinduka, sehemu ya tumbo lake ilibaki juu ya maji kwa muda, na waliokuwa wamenaswa ndani walisikika wakigonga. Waokoaji walitaka kuwatoa, wakatoboa chuma. Hewa iliyokuwa imebaki ndani ikatoka, na meli ikazama pamoja nao. Waliotoboa walikuwa na nia njema, kama ambayo mtu yeyote angekuwa nayo akisikia binadamu mwenzake anagonga. Walichokosa ni maarifa na vifaa. Huruma bila maarifa inaweza kuua, na maarifa hayawezi kufundishwa watu wakiwa tayari wanazama.

Sasa tuje Novemba 6, 2022. Ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Uwanja wetu uko ufukweni, kila mkazi wa mji anajua kwamba ndege huja kutua ikipita juu ya maji. Waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja mvuvi, Majaliwa Jackson, alieleza kwamba alipiga mlango kwa kasia ili watu watoke. Baadaye, katika kuhangaika kuwafikia marubani, alipigwa na kamba, akazimia, akapelekwa hospitalini. Watu 24 walinusurika, 19 walifariki. Serikali ilimzawadia shilingi milioni moja na kumpa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na alistahili pongezi zote alizopewa.

Lakini tusiishie kwenye pongezi. Ujasiri wa kijana mmoja ulituonyesha pengo letu. Kama silaha ya kwanza ya uokoaji kando ya uwanja wa ndege ulio ufukweni ilikuwa kasia, basi somo la siku ile ni kwamba wavuvi wanatakiwa kuwa na zaidi ya kasia. Naziomba kamati zote za kata zenye mialo, kuanzia Bukoba Mjini hadi Muleba na visiwa vyake, zijibu hadharani: ni wavuvi wangapi wamefundishwa kuokoa tangu siku ile? Maboya yako wapi, kamba ziko wapi, mafuta ya injini ya dharura yanatunzwa na nani? Mvuvi akiona mtumbwi umepinduka saa nane usiku, anampigia nani simu, na huyo anayepigiwa ana boti?

Vikundi vya usimamizi wa mialo (BMU) vipo kwenye mialo yetu. Vinajua nani ana injini, nani anaogelea vizuri, upepo gani hubadilika saa ngapi. Kwa miaka mingi tumevitumia kulinda samaki. Wakati umefika vipewe pia jukumu la kulinda watu, na jukumu hilo liandikwe, lifundishwe, na lifanyiwe mazoezi pamoja na polisi wa majini, zimamoto na uwanja wa ndege angalau mara moja kwa mwaka.

Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilitufundisha jambo lile lile upande wa nchi kavu. Lilikuwa na ukubwa wa takriban 5.9. Mitetemo ya kiwango hicho hutokea mahali pengi duniani watu wakaendelea na shughuli zao. Kwetu watu wasiopungua 17 walikufa, mamia wakajeruhiwa, nyumba nyingi zikaanguka, na shule kongwe kama Ihungo na Nyakato zikabomoka vibaya. Ardhi ilitikisika, lakini kilichoua watu ni kuta. Nyumba zetu nyingi ni za tofali za kuchoma zilizounganishwa kwa udongo, hazina mkanda wa zege unaozifunga kuta juu ya madirisha, na pembe zake hazikushikamana. Hazikujengwa hivyo kwa uzembe. Zilijengwa hivyo kwa sababu nondo na saruji ni ghali, na kwa sababu hakuna aliyewaambia wenye nyumba kwamba tuko jirani na mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa.

Baada ya tetemeko tulisaidiwa, tukazika, tukajenga upya. Swali langu ni tulijenga vipi. Ukipita vijijini leo utaona nyumba mpya zilizosimama juu ya msingi ule ule, kwa tofali zile zile na udongo ule ule. Serikali haiwezi kumjengea kila mtu nyumba. Inaweza, hata hivyo, kuwakusanya mafundi waashi wa kata kwa siku mbili na kuwaonyesha namna ya kufunga pembe, kupitisha mkanda na kupunguza uzito wa ukuta wa mbele ambao ndio huwaangukia watu wanapokimbia. Fundi wa kijiji ndiye mkaguzi pekee ambaye nyumba nyingi za mkoa huu zitawahi kumwona. Mkimfundisha yeye, mtakuwa mmefika kwenye nyumba ambazo hakuna mhandisi atakayefika.

Wapo watakaosema mwananchi wa kawaida hawezi kubeba mambo mazito namna hii, na kwamba maafa ni kazi ya wataalamu. Historia ya mkoa wetu inakataa. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, wakaingia Ngara. Mashirika makubwa ya dunia yalikuja na mahema, malori na madaktari, na kazi yaliyoifanya katika kambi ya Benaco ilikuwa kubwa. Lakini wakimbizi wale walipopita vijijini, walipita kwenye mashamba na visima vya watu wa Ngara, na watu hao waliishi na matokeo yake kwa miaka: misitu iliyokwisha, kuni za mbali, barabara zilizochakaa. Jirani alikuwepo kabla ya mashirika kufika, na alikuwepo baada ya mashirika kuondoka. Mpango wowote wa dharura usiomhesabu mwenyeji umepungukiwa, kwa kuwa mzigo wa mwisho humwangukia yeye.

Na kama kuna jambo ambalo Kagera inaweza kuifundisha dunia, ni Ukimwi. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini walithibitika katika mkoa huu mwaka 1983. Wakati ule watu waliuita Juliana, jina la nguo za magendo zilizotoka Uganda, na wengi waliamini ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiana. Mwaka 1987 utafiti ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima waliopimwa mjini Bukoba walikuwa na virusi. Hapakuwa na dawa. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Hata hivyo, mwaka 1996 kiwango mjini Bukoba kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 13 hivi. Sehemu ya kushuka huko, kwa masikitiko, ni vifo. Lakini watafiti waliona pia kwamba maambukizi mapya yalipungua sana.

Nani alifanya kazi hiyo, na dawa hazikuwepo? Wataalamu walipima na kuelimisha, na tunawashukuru. Ila mabadiliko yalitokea sebuleni, makanisani, misikitini na kwenye vikao vya ukoo. Familia ziliacha kurithi wajane. Viongozi wa vijiji walibana ngoma na vilabu vya usiku. Vyama vya kuzikana vilibadili taratibu zake ili msiba usimalize akiba ya kaya yenye wagonjwa wengine. Bibi waliokwisha kulea walianza kulea upya, safari hii wajukuu, wengine saba au wanane katika nyumba moja. Kidogo kidogo watu waliacha kusema marehemu amerogwa na kuanza kuutaja ugonjwa kwa jina lake. Ukweli ulipoanza kusemwa kwenye misiba, vijana walianza kuubeba hadi majumbani.

Mnyauko wa migomba nao ulifuata njia hiyo hiyo. Ulitufikia katikati ya miaka ya 2000 ukitokea Uganda. Mkulima aliona majani yakinyauka, ndizi zikiiva kabla ya wakati, na shina likikatwa linatoa ute wa njano. Kwa Mhaya kibanja, yaani shamba la migomba, ni chakula, ni kaburi la wazee, ni heshima ya nyumba. Kuambiwa ung'oe migomba yako ni kuambiwa ubomoe kwako. Kinga yenyewe haikuwa ngumu: kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kupitisha panga motoni au kwenye jiki kabla ya kuhamia mgomba mwingine, kung'oa na kufukia ulioumwa. Ugumu ulikuwa kwamba ilibidi wote wafanye. Kibanja kimoja kilichoachwa kiliweza kurudisha ugonjwa kwa majirani wote. Mahali ambapo mkutano wa kijiji ulikaa, ukakubaliana, ukapitisha sheria ndogo na kusimamia bila kupendelea mtu, vibanja vilipona. Mahali ambapo amri ilishuka kutoka juu bila maelezo, watu walificha migomba yao kama wanavyoficha mgonjwa.

Hapo ndipo ninapofika kwenye Marburg, na naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kurudi. Machi 2023 katika kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini, watu walianza kufa kwa homa kali, kutapika na kutokwa damu. Kwanza tuliambiwa ni ugonjwa usiojulikana. Machi 21 serikali ikautangaza kwa jina. Waliougua walikuwa tisa, sita wakafariki, na miongoni mwa walioambukizwa walikuwemo watumishi wa afya. Juni 2 mlipuko ulitangazwa umekwisha. Ulizimwa mapema kwa kuwa waliokutana na wagonjwa walitafutwa nyumba kwa nyumba, na majirani walikubali kufuatiliwa.

Januari 2025, wilayani Biharamulo, mambo yalikwenda tofauti. Januari 14 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya watu walioshukiwa kuwa na Marburg. Wizara ya Afya ikasema vipimo havikuonyesha ugonjwa huo. Januari 20 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na mkurugenzi mkuu wa shirika hilo, akatangaza kwamba mgonjwa amethibitika. Hadi mlipuko ulipotangazwa umekwisha Machi 13, watu 10 walikuwa wamehesabiwa kufa, wawili wakiwa wamethibitika kwa vipimo.

Vipimo huchukua muda, na kutangaza ugonjwa ambao haujathibitika kuna gharama zake. Naelewa. Lakini siku zile chache kati ya tetesi na tangazo, watu wa Biharamulo waliendelea kuuguza, kuosha maiti na kusalimiana kwa mikono. Marburg huenea kwa majimaji ya mwili wa mgonjwa na wa marehemu. Kwa hiyo kamati haihitaji kusubiri jina la ugonjwa ndipo iwaambie watu wachukue tahadhari. Inatosha kusema: kuna homa inayoua, hatujaijua bado, vipimo vimepelekwa, tafadhali msiwaguse wagonjwa bila kinga, piteni zahanati, msioshe maiti wenyewe hadi mpewe taarifa. Maneno hayo hayana aibu wala hofu ndani yake. Mtu akiambiwa ukweli mapema humwamini aliyemwambia hata siku habari zitakapokuwa mbaya zaidi. Akigundua alifichwa, hata ukweli wa baadaye ataupokea kwa shaka.

Na mazungumzo magumu zaidi, yale ya mazishi, yafanyike sasa. Kaeni na wazee wa koo, mapadri, wachungaji na masheikh. Kubalianeni namna ya kumzika kwa heshima mtu ambaye haruhusiwi kuoshwa: nani atasali, familia itasimama wapi, nani atawaeleza. Familia iliyofiwa ikiambiwa mambo haya kwa mara ya kwanza na watu waliovaa mavazi meupe ya plastiki, itakimbia na mwili usiku. Ikiambiwa na mzee wake wa ukoo juu ya jambo ambalo kijiji kizima kilikwisha kulikubali, italia, lakini itakubali.

Suala la fedha siwezi kuliruka. Baada ya tetemeko la 2016 Watanzania walichanga kwa moyo mkubwa, kisha kukazuka tuhuma kuhusu akaunti ya michango, na maofisa wakaondolewa kazini. Sitaki kurudia kesi hiyo. Ninachojua ni kwamba tuhuma zile ziliwaumiza waathirika mara ya pili, maana mtoaji aliyeingiwa na shaka hufunga mkono. Dawa yake ni nyepesi: kila kinachopokelewa na kila kinachotolewa kibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji au mtaa, jina la kaya na kiasi, kila wiki. Vyama vyetu vya kuzikana hufanya hivyo kwa daftari moja na kalamu moja, mwanachama yeyote anaruhusiwa kusoma, na ndiyo maana vimedumu vizazi na vizazi. Kama kina mama wa kijijini wanaweza, kamati ya wilaya inaweza.

Kwa hiyo, ndugu wajumbe, naomba mambo haya yafuatayo yaingie kwenye ajenda zenu.

Kwanza, kila kamati ya kijiji na mtaa ikae kabla ya mvua za vuli na kuorodhesha hatari zinazojulikana katika eneo lake: korongo linalomeguka, darasa lenye ufa, mwalo wenye mitumbwi mibovu, pango la popo ambalo watoto huingia, njia ambayo lori la mafuta hupita. Orodha hiyo isomwe kwenye mkutano wa hadhara, na mbele ya kila hatari liandikwe jina la mtu anayeishughulikia na tarehe ya kurudi na majibu. Hatari ikishaandikwa na kusomwa mbele ya watu, ni vigumu kuizoea.

Pili, kila kijiji kiwe na kikosi cha majirani wanaojulikana kwa majina na namba za simu: wavuvi kwenye mialo, waashi, watoa huduma ya afya ngazi ya jamii, vijana wa bodaboda, viongozi wa vyama vya kuzikana. Wafundishwe, wapewe vifaa vya msingi, na wawekewe bima au angalau ahadi ya maandishi ya kutibiwa wakiumia katika uokoaji. Si haki kumwacha mtu ahatarishe uhai wake kwa ajili ya umma, kisha familia yake ibaki na gharama za hospitali.

Tatu, halmashauri zitenge fungu la maandalizi ndani ya bajeti zao za mwaka, hata likiwa dogo, na lisihamishwe kwa matumizi mengine. Najua fedha ni chache. Kamba, maboya, glavu, jiki, redio ya mkononi na mafunzo ya siku mbili si vitu vya kuvunja bajeti ya halmashauri. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kusema kwamba vinunuliwe kabla.

Nne, baada ya kila tukio, dogo au kubwa, kamati iitishe kikao cha wazi cha kujifunza, na waliookoa wapewe nafasi ya kwanza kusema. Wengi wao hubaki na waliyoyaona bila mtu wa kuongea naye. Waulizwe kilichowakwaza, na waulizwe pia wanalalaje usiku. Majibu yao yaandikwe na kupelekwa ngazi ya juu, ili somo la Ukara lisisubiri miaka 22 mingine.

Simpi jirani jukumu hili ili kuipunguzia serikali lake. Leseni za vyombo vya majini, ukaguzi wa majengo ya umma, maabara, hospitali na vikosi vya uokoaji vinabaki kuwa wajibu wa dola, na tutaendelea kuvidai. Lakini dola huchukua saa, pengine siku, kufika maeneo ya mbali kama Goziba au Minziro, na mtu aliyenaswa chini ya ukuta hana saa hizo. Muda ule ni wa jirani, na atafika hata kama hamkumwandaa. Ninyi mna uwezo wa kuamua atafika akiwa na nini.

Ningefurahi kuona, kwenye mlango wa kila ofisi ya kata, orodha ya hatari na majina ya wahusika kabla ya mwaka huu kwisha. Wananchi wenzangu, ombeni kuiona. Wajumbe, tafadhali ibandikeni kabla hatujaomba.

Wenu katika ujenzi wa mkoa,

Mwananchi wa Kagera